Safari ya mtumbwi ya kumkumbuka mzazi na kuchangisha: mwongozo kamili, Saadani hadi Tanga

Simu ninazopigiwa zinafanana. Mtu kafiwa na baba au mama, ndugu wamekubaliana wapige kafi kutoka kijiji fulani hadi kingine ili wachangishe fedha za jambo la kheri. Fulana zimeshachapishwa na tarehe imeshatangazwa. Siku ya pili wamekwama. Mikono bado ina nguvu, ila maji yamewakimbia: wamekaa kwenye tope, ufuo wanauona kwa mbali, jua la saa tano linawapiga, na waliotoa ahadi za michango wanauliza kwenye kundi la WhatsApp mmefika wapi.

Mimi mwenyewe nilikwama hivyo hivyo. Marehemu baba alikuwa fundi wa vyombo, akafa kwa presha ambayo hakuna aliyewahi kumpima. Tukaamua kupiga kafi ili tununue mashine za kupimia presha kwa zahanati za vijiji alivyokuwa akienda kukalafati mashua, yaani kuziba nyufa zake kwa pamba na mafuta. Tarehe tukachagua ile aliyofariki. Ilikuwa mwezi mpevu. Asubuhi ya kwanza tulisukuma ngalawa kwenye tope la magotini mpaka kiatu cha shemeji kikabaki humo, na sufuria ya wali tukaipitisha kichwani kama watu wanaohama mafuriko. Tulikaa pale mpaka saa nane mchana, maji yaliporudi kutuchukua.

Kosa letu ndilo kosa la karibu wote: tarehe inachaguliwa kwa kalenda ya msiba, kalenda ya maji haifunguliwi kabisa.

Njia ninayoieleza hapa ni ile ninayoijua, kutoka kijiji cha Saadani kwenda kaskazini hadi Tanga mjini, kilomita 110 hadi 120 ukifuata ufuo, kwa siku sita. Aliyeko Kilwa au Lamu atabadilisha majina ya vijiji na ya ofisi za vibali. Aliyeko Ziwa Tanganyika au Ziwa Victoria kule Mwanza aruke hatua ya 3, kwa kuwa ziwani hakuna kujaa na kupwa, ila hatua nyingine asiruke hata moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutangaza chochote

Hesabu hii ni ya watu wanane: sita wanapiga kafi kwenye ngalawa mbili, wawili wako kwenye boti ya kusindikiza.

- Ngalawa mbili zenye matengo yake (mbao za kando zinazozuia kupinduka), zilizokalafatiwa upya
- Makafi manane (sita ya kazi, mawili ya akiba, kafi huvunjika siku usiyoitarajia)
- Boti moja ya injini, na nahodha anayeijua njia hiyo, asiwe anayejua bahari kwa jumla tu
- Jaketi okozi nane, kila moja limejaribiwa na atakayelivaa
- Filimbi moja kwa kila mtu, imefungwa kwenye jaketi lenyewe
- Upo mbili kwa kila ngalawa za kutolea maji (dumu la lita tano lililokatwa linatosha)
- Nanga na kamba ya mita 30 kwa kila chombo, na kamba nyingine ya kuvutana
- Redio ya baharini ya VHF, au simu tatu za mitandao tofauti ndani ya mifuko isiyoingiza maji
- Pawabenki mbili na tochi mbili za kichwani
- Maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku
- Chumvi za ORS, dawa ya maumivu, plasta, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda
- Kofia pana, mashati ya mikono mirefu, mafuta ya kujikinga na jua
- Chupa ya chai, tende, karanga, ndizi
- Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la mwaka huo
- Daftari la hesabu, na bahasha ya risiti

Ukikosa boti ya kusindikiza, ahirisha. Vitu vingine hapo juu vina mbadala. Hicho hakina.

## Hatua ya 1: Maliza mambo ya nyumbani

Kaa na wakubwa wa familia kabla hujaenda kwa marafiki. Kama marehemu ni baba, mwone mama, kisha baba mkubwa na shangazi. Usiwaulize kwa jumla kama wanakubali. Wataitikia tu ili wasikuvunje moyo. Waulize mambo matatu kwa majina yake: picha yake iwekwe kwenye fulana na matangazo, au isiwekwe? Ugonjwa uliomuua utajwe hadharani? Na fedha zikipatikana, ziende wapi?

Swali la picha limevunja safari nyingi kuliko upepo. Kwetu shangazi alikataa picha ya kaka yake ivaliwe na watu watakaokwenda kulala na kutoka jasho ndani yake. Alikuwa na haki. Tukaandika jina lake tu na chini yake neno "fundi".

Tarehe ya kumbukumbu nayo izungumzwe hapa. Hitima au misa ifanyike nyumbani siku yake ile ile, na safari iende siku ambayo bahari inaruhusu. Ukilieleza hivyo mapema hakuna atakayeona umemdharau marehemu. Ukilieleza baada ya tarehe kutangazwa, utaonekana umeahirisha kumbukumbu ya mzazi wako kwa sababu ya upepo.

Hatua hii imekwisha pale mtu mzima mmoja wa familia atakapokuwa tayari kusema kwenye simu, mbele yako, kwamba safari hii ni ya ukoo.

## Hatua ya 2: Mifuko miwili isiyokutana

Gharama za safari (boti, mafuta, chakula, fulana) zilipwe na wasafiri na familia, au na mfadhili aliyeambiwa wazi kuwa analipia safari. Mchango wa watu uende wote kwenye lengo. Mwenye shilingi elfu mbili aliyetuma kwa ajili ya mashine ya presha hakutuma kwa ajili ya petroli yako.

Watu hubisha hapa. Wanasema bila kutoa kidogo kwenye mchango safari haitafanyika. Basi isifanyike, au ifupishwe iwe ya siku mbili.

Fungua akaunti ya benki yenye watia sahihi wawili wasiolala nyumba moja, au tumia lipa namba iliyosajiliwa kwa kikundi. Namba ya simu ya mtu binafsi isitumike, hata kama ni yako na wewe ni mwaminifu. Mweka hazina asiwe miongoni mwa wanaopiga kafi: akiwa baharini bila mtandao, hakuna wa kujibu watu.

Lengo liandikwe kwa vitu. "Mashine tano za kupimia presha zenye mikanda ya ukubwa tofauti, pamoja na betri zake, kwa zahanati tatu" ni lengo. "Kusaidia sekta ya afya" si lengo. Kabla ya kununua chochote, nenda ukamuulize mganga mfawidhi wa zahanati anahitaji nini hasa. Mmoja alituambia mashine anayo, kilichokwisha ni betri na mkanda wa mkono.

Kuchangisha hadharani kunataka ruhusa. Anza kwa mtendaji wa kata na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, waeleze kwa barua, uulize kibali gani kinahitajika na nani anakitoa. Barua yenye mhuri utaitumia mara kumi njiani.

## Hatua ya 3: Chagua siku kwa mwezi wa angani

Sehemu hii isome mara mbili.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa wastani wa dakika 50 kuliko jana. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata: maji hujaa mno na kupwa mno, tofauti ikipita mita 3. Katikati yake ndipo maji mafu, ambapo tofauti hupungua mpaka kukaribia mita 1.

Hayo kila mtu anayajua. Wanachosahau ni saa. Upande wetu, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Siku za maji mafu ni kinyume chake: hujaa kama saa nne au saa tano asubuhi.

Sasa linganisha na upepo. Mpiga kafi anasafiri asubuhi, kuanzia alfajiri hadi saa tano, kwa sababu umande, yaani upepo unaotoka nchi kavu, ni mwepesi na bahari imelala. Kuanzia saa tano upepo wa baharini unaamka, na mchana kutwa unakupiga ubavuni. Kwa hiyo utatua kati ya saa nne na saa sita. Ukisafiri wakati wa bamvua, saa ya kutua ndiyo saa ambayo maji yamekwenda mbali kuliko zote, na kwa ufuo ulalao kama wa Saadani utapwelewa mbali sana na watu waliokuja kukupokea. Ukisafiri wakati wa maji mafu, unatua maji yakiwa yamejaa na chombo kinafika mchangani chenyewe.

Hivyo basi, safari ya siku sita ianguke kati ya mwezi tano hadi kumi, au ishirini hadi ishirini na tano, kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu. Nahodha yeyote wa pwani atakuhesabia kwa vidole. Halafu thibitisha kwenye jedwali la maji. Ofisi ya bandari watakuelekeza. Familia inayohesabu tarehe ya kifo kwa mwezi huo huo wa Kiislamu ina faida moja: inajua mara moja kama siku yake inafaa. Aliyefariki tarehe 15 ya mwezi wowote, siku yake itaangukia bamvua kila mwaka, milele.

Msimu nao una neno lake. Kusi, upepo wa kutoka kusini, la Juni hadi Agosti ni kali kwa ngalawa ya makafi. Kaskazi la Desemba hadi Machi linakuja usoni mwa anayekwenda kaskazini. Masika usiifikirie. Nafasi nzuri ni mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kusi likiwa limechoka na vuli haijakolea. Upepo uliobaki unakusukuma mgongoni na mkondo wa pwani wenyewe kwa kawaida unaelekea kaskazini. Ndiyo maana naanzia Saadani kumalizia Tanga, wala si kinyume chake.

Andika tarehe mbili: ya kwanza, na ya akiba wiki mbili baadaye, maji mafu yanayofuata. Tangaza zote mbili tangu mwanzo. Mwenye tarehe ya akiba haoni aibu kuahirisha, na aibu ndiyo inayoua watu baharini.

## Hatua ya 4: Chombo

Mtumbwi mtupu wa kuchonga unapendeza kwenye picha lakini unapinduka kwa wimbi la ubavuni. Chukua ngalawa, matengo yake yanaishika. Kodi ngalawa inayovua kila siku, usichukue iliyolazwa juu ya ufuo miezi. Iliyokauka juani mbao zake zimeachana hata kama macho hayaoni.

Jaribio ni rahisi. Ishushe majini, pakia mawe au mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu watatu na mizigo yao, iache saa mbili. Maji yakipita vifundo vya miguu, rudi kwa fundi. Pamba na mafuta havikupunguzii kitu mfukoni ukilinganisha na kuvuta maji kwa upo siku sita.

Mizigo mizito ikae katikati na chini. Omo (mbele) ikilemewa, ngalawa inachimba wimbi. Tezi (nyuma) ikilemewa, inakataa kwenda sawa. Kila kitu kifungwe, hata chupa ya chai.

## Hatua ya 5: Vibali na hodi

Njia hii inapita sehemu zenye wenyewe. Kaskazini ya kijiji cha Saadani ufuo ni wa Hifadhi ya Taifa Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, hifadhi pekee ya taifa Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi. Huko simba na tembo hufika mchangani, na ufuo wa Madete kasa hutaga. Usitue bila ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hata kwa haja ndogo. Ukivuka Pangani unaingia Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, ya mwaka 2009. Barua ziende kote wiki sita kabla.

Usalama wa vyombo ni kazi ya TASAC, shirika la uwakala wa meli: boti ya kusindikiza iwe na cheti chake, na ofisi yao ya Tanga ijue ratiba yako. Redio ya VHF ina leseni yake TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ukikodi boti yenye redio yake, mzigo huo umeutua.

Halafu vijiji. Kila utakapolala, mwone mtendaji wa kijiji na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), ndio wanaosimamia bandari ndogo za wavuvi. Nenda mwenyewe mwezi mmoja kabla, kwa bodaboda ikibidi. Sisi mara ya kwanza tulipiga simu tu. Tulipofika mahali fulani watu walidhani ni doria ya uvuvi haramu, ufuo mzima ukawa mtupu kwa dakika mbili.

Safari hii ya hodi ikifaulu, utarudi na namba ya simu ya mtu mmoja kila kijiji ambaye siku hiyo atasimama ufukweni kukungoja.

## Hatua ya 6: Mazoezi ya wiki nane

Wiki ya kwanza na ya pili, saa moja kwa siku, siku nne kwa wiki. Mkono wa juu unasukuma, wa chini unavuta, na kiuno ndicho kinachofanya kazi. Anayetumia mabega peke yake ataumia siku ya pili. Ongezeni mpaka wiki ya sita muweze saa tano mfululizo na mizigo. Kasi ya kawaida ni kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Mkipata 4 msikasirike, pangeni safari kwa 4.

Malengelenge ya viganja yatokee sasa ili ngozi ipate muda wa kukomaa. Msitoboe.

Zoezi ambalo watu hulikwepa ni la kupinduka. Lifanyeni kwenye maji ya kifuani, jaketi zikiwa zimevaliwa. Kipindueni chombo makusudi, kila mtu akishike, ahesabiwe kwa jina, filimbi ipigwe, boti ije. Asiachie chombo mtu hata mmoja kwa kujiona anajua kuogelea. Kichwa cha mtu hakionekani kwenye mawimbi, ngalawa iliyopinduka inaonekana. Rudieni mpaka mweze kuhesabiana kabla boti haijafika. Asiyetaka kufanya zoezi hili apande boti ya kusindikiza.

## Hatua ya 7: Njia, siku kwa siku

Siku ya 1, Saadani hadi Mkwaja, kama kilomita 30. Ndiyo ndefu kuliko zote, kwa sababu ya ufuo wa hifadhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo ngalawa zilale majini kwa nanga, mtu mmoja akilala karibu nazo, ili saa kumi na moja alfajiri muondoke bila kusukuma. Kaeni mbali kidogo na ufuo, lakini muuone. Asiyeweza kumaliza ahamie kwenye boti bila maneno. Afadhali kubadilishana kuliko kuchelewa.

Siku ya 2, Mkwaja hadi Kipumbwi, kama 17. Nyepesi. Mtakutana na nyavu na madema. Piteni nje yake, na mkiwaona wavuvi wanavuta, ngojeni wamalize. Kipumbwi ni kijiji cha vyombo, watu huvuka hapo kwenda Unguja. Pumzikeni, mle wali na samaki kwa mama lishe, mlipe bei yake.

Siku ya 3, Kipumbwi hadi Ushongo, 11 hivi. Siku fupi kwa makusudi, miili inadai. Wengi hushawishika kukata kwenda fungu la mchanga la Maziwe kwa ajili ya picha. Msiende. Maziwe ilikuwa kisiwa chenye miti. Leo maji yakijaa hakuna pa kukanyaga.

Siku ya 4, Ushongo hadi Pangani, 11. Umbali si tatizo, mlango wa mto ndio tatizo. Maji yakipwa, mto unatoka kwa nguvu na kukutana na mawimbi ya bahari kwenye fungu la mlangoni, na hapo ngalawa inasimama kama punda aliyegoma. Ingieni maji yakijaa. Kwenye maji mafu hiyo ni asubuhi, kwa hiyo ratiba inawasaidia, lakini nahodha wa boti atangulie akaangalie, ngalawa zimsubiri nje. Msiogelee mtoni, mamba wapo.

Siku ya 5, Pangani hadi Kigombe, 17. Miamba inaanza. Vaa viatu kabla ya kushuka, na buruta miguu mchangani ili samaki taa aliyejifukia akimbie badala ya kukuchoma. Akikuchoma, mguu uingie kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa au zaidi, kisha zahanati.

Siku ya 6, Kigombe hadi Raskazone, 25 au zaidi kidogo. Mnapita Tongoni na magofu yake mkiwa mnaanza kusikia simu zikilia mifukoni, msizijibu. Namalizia Raskazone kwa sababu iko upande wa kusini wa mlango wa bandari, hivyo hamlazimiki kukata njia ya meli. Ofisi ya bandari ijulishwe hata hivyo.

## Hatua ya 8: Siku moja inavyokwenda

Saa kumi alfajiri, kuamka, chai na tende. Saa kumi na robo, nahodha anasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kutazama anga. Uamuzi wa kwenda au kutokwenda ni wake peke yake. Mtoto wa marehemu hana kura, na hili mliandike kabla ya safari, maana aliyefiwa siku hiyo anasukumwa na mambo ambayo si ya baharini.

Msiondoke ikiwa mawimbi yameshaanza kutoa povu jeupe alfajiri, ikiwa kuna radi upande wowote, au ikiwa mtu mmoja ana homa.

Mkiwa njiani, kila saa moja simameni dakika tano: kunywa, kuhesabiana, kutoa maji. Asiyekojoa tangu alfajiri hajanywa maji ya kutosha. Mpeni ORS, ahamie botini. Ngalawa mbili zisiachane zaidi ya sauti ya filimbi. Mweka hazina atumiwe ujumbe mmoja tu, wa kufika, na yeye ndiye awajulishe wachangiaji. Video za moja kwa moja katikati ya bahari zinamaliza chaji ya simu ambayo ndiyo kamba yenu ya uhai.

Mkishatua: chombo kwanza, miili baadaye, hotuba mwisho. Alasiri sisi tulikuwa tunakaa kivulini na muuguzi wa kijiji kupima presha za waliokuja kutuona. Kipumbwi mzee mmoja alikaa, akafungwa mkanda, akatazama namba zikipanda kwenye kioo, akauliza kama hiyo ni namba ya M-Pesa. Muuguzi hakucheka. Alimwandikia karatasi ya kwenda hospitali kesho yake asubuhi.

## Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Filimbi tatu fupi ni kuita boti. Kwenye VHF, chaneli 16. Kwenye simu, 112. Mtu wa nchi kavu mwenye ratiba yenu asipopata ujumbe wa kufika ifikapo saa saba mchana, ampigie mtu wa kijiji mnachokwenda, kisha kile mlichotoka, kisha polisi na TASAC. Asingoje jioni kwa kuogopa kuonekana ana wasiwasi.

Mkikatisha safari, tangazeni siku hiyo hiyo: mmefika wapi, kwa nini, na fedha ziko wapi. Sisi mara ya kwanza tulikatisha Mkwaja. Nilidhani watu watadai michango yao. Aliyedai ni mmoja, tukamrudishia, na baadaye akatuma tena.

## Hatua ya 10: Hesabu, ndani ya siku 14

Mweka hazina atoe karatasi moja: kilichoingia, kilichonunuliwa, kilichobaki, pamoja na picha za risiti. Wachangiaji wasiotaka majina yao yaonekane waandikwe kwa tarakimu nne za mwisho za simu. Gharama za safari ziwe kwenye karatasi ya pili, zionyeshwe nazo, ili asiwepo wa kunong'ona.

Vifaa mkabidhi mganga mfawidhi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwa hati yenye namba ya kila kifaa na sahihi tatu. Rudi baada ya miezi mitatu uone kama vinafanya kazi, ukiwa na betri mfukoni.

Ngalawa zirudi kwa wenyewe zikiwa zimeoshwa kwa maji ya mto, na makafi yote manane. Kama moja limevunjika, peleka jipya pamoja na lile lililovunjika, mwenye chombo aone vyote viwili.